Merikebu Khedive Ismail na Askari Wetu wa Mizinga

Msomaji wetu mmoja akaaye hapa Ngara ameniletea swali, nami naona lilistahili kuulizwa siku nyingi. Asema kwamba kila siku ashukapo kwenda kazini hupita karibu na Kariokor, naye ajua kuwa jina hilo ni la Kikosi cha Wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918. Waingereza walikiita Carrier Corps, na ndimi za watu wetu zikalilainisha jina mpaka likawa Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Tena asema kwamba upande wa mashariki ya mji liko soko la Burma, ambalo nalo lina jina la vita, yaani Vita Kuu ya Pili. "Basi, Bwana," auliza, "waliobeba mizigo wana mtaa, na waliofika Burma wana soko. Je, wale waliokufa baharini kabla ya kufika wana nini?"

Jibu fupi ni kwamba wana majina yao kwenye ukumbusho mmoja ulio njia ya Ngong, nami nitaeleza mwishoni namna ya kuutafuta. Lakini jina lililochorwa halielezi mtu alikufaje, wala kwa nini hana kaburi. Kwa hiyo juma hili nimeyaacha mambo mengine yote niliyoyakusudia, pamoja na zile habari za kodi za nyumba ambazo wengi wenu mnazingojea, ili nieleze habari za merikebu moja tu. Jina lake ni Khedive Ismail, nayo ilizama tarehe 12 Februari 1944.

Merikebu hiyo haikujengwa kwa ajili ya vita, wala haikujengwa kwa ajili ya bahari yetu. Iliundwa mwaka 1922 katika karakana za William Cramp na Wanawe, mjini Philadelphia, Marekani, na ukubwa wake ulikuwa tani 7,513. Wenyewe walikuwa kampuni ya Chile, nchi iliyo upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, nao waliiita Aconcagua kwa jina la mlima ulio mrefu kuliko yote ya bara lile. Kazi yake ilikuwa kuchukua abiria kutoka Valparaíso, kupita mfereji wa Panama, mpaka New York. Ilikuwa stima ya starehe, yenye vyumba vya kulala na kumbi za kulia na kupumzika. Nawaomba mzikumbuke kumbi hizo, maana nitazirudia.

Baada ya mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka vibaya, na stima nyingi za abiria zikakosa wenyewe. Mwaka 1932 Aconcagua ikaingia mikononi mwa wajenzi wa meli wa Scotland, William Hamilton na Wenziwe, na mwaka 1935 ikachukuliwa na kampuni ya Misri iliyoitwa Khedivial Mail Line. Hapo ndipo ilipopewa jina la Khedive Ismail, aliyetawala Misri tangu 1863 mpaka 1879, na ambaye katika siku zake mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869.

Jina hilo si geni kabisa katika nchi zetu, ingawa wengi wamelisahau. Khedive Ismail alikuwa na tamaa ya kuieneza Misri mpaka kwenye chemchemi za mto Nile na hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1875 alituma merikebu na askari chini ya Mwingereza mmoja aliyeitwa McKillop Pasha, wakashuka Barawa na Kismayu, bandari ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Seyyid Barghash wa Unguja. Seyyid akalalamika kwa Waingereza, Waingereza wakamshurutisha Khedive, na askari wake wakaondoka. Basi aliyetaka kutwaa pwani yetu kwa merikebu aliondoshwa, kisha miaka karibu sabini baadaye merikebu yenye jina lake ikaja ikawachukua vijana wetu kwa mamia kutoka pwani ile ile.

Vita vilipozidi kupamba moto mwaka 1940, serikali ya Uingereza ilihitaji kila chombo kiwezacho kuelea. Askari hawasafiri baharini kwa manowari, kwa kuwa manowari ina nafasi ya mabaharia wake na mizinga yake tu. Husafiri kwa stima za abiria zilizopakwa rangi ya kijivu, zikatolewa samani na kutiwa vitanda vya kupangwa kimoja juu ya kingine, au kamba za kufungia machela. Chumba kilichokuwa cha watu wawili hulala watu wengi, na hata ngama zilizokuwa za shehena hujazwa watu. Stima hubaki na ngazi zile zile na milango ile ile, hali watu wameongezeka mara nyingi. Hivyo ndivyo Khedive Ismail ilivyofanywa mwaka huo wa 1940.

Ndugu yake, iliyotoka katika karakana ile ile kwa kampuni ile ile ya Chile, iliitwa Mohamed Ali El-Kebir. Hiyo haikukawia. Mwezi wa Agosti 1940, ikiwa imechukua askari kutoka Uingereza kwenda Gibraltar, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani magharibi ya Ireland ikazama. Khedive Ismail yenyewe iliponea chupuchupu mwaka uliofuata. Mwezi wa Aprili 1941 majeshi ya Uingereza na wenzao yalikuwa yakiondolewa Ugiriki usiku usiku mbele ya Wajerumani, nayo ilitumwa bandari ya Nauplia pamoja na stima ya Kiholanzi iitwayo Slamat. Mashua za kuwaleta askari kutoka nchi kavu hazikutosha, na Khedive Ismail ikaondoka bila kupakia hata askari mmoja. Slamat ilikawia ili kupakia wengi zaidi, jua likaikuta njiani, ndege za Wajerumani zikaizamisha. Manowari mbili zilizowaokota watu wake zikazamishwa nazo, na watu karibu elfu moja wakapotea. Mtu angaliweza kudhani kwamba Khedive Ismail ilikuwa merikebu yenye bahati.

Sasa na tuje Kilindini. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kukishambulia kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilirudi nyuma zikafanya Kilindini kuwa makao yao. Hata shule ya Allidina Visram ya Mombasa ilitwaliwa na wataalamu waliokuwa wakisikiliza simu za upepo za Wajapani na kujaribu kuzifumbua. Mwaka 1943 hali ikageuka. Wataalamu wale walirudi Ceylon, na majeshi ya Afrika ya Mashariki yakavushwa kwenda huko, ili yafundishwe vita vya mwituni kabla ya kupelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ndiyo iliyosifika baadaye katika bonde la Kabaw na kwenye mto Chindwin mwishoni mwa 1944.

Miongoni mwa waliotakiwa kuvuka ni Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki. Watu wakisema "askari wa zamani" hufikiri mara moja juu ya KAR na bunduki begani, na kazi ya mizinga haitajwi sana. Lakini mpiga mizinga huwa hamwoni adui ampigaye. Yampasa kuhesabu umbali, upande, upepo, na pembe ya mzinga, tena kwa haraka na bila kukosea, kwa maana akikosea kidogo kombora laangukia wenziwe. Kwa desturi ya jeshi la Uingereza wakati huo, rejimenti ya mizinga ya uwanjani ilikuwa na mizinga 24, na kwa kila mzinga walitakiwa watu waliofundishwa muda mrefu. Katika nchi zetu za miaka ile, ambako shule zilikuwa chache, kijana ajuaye hesabu na aliyezoea kufuata maandishi hakupatikana kila mahali. Nasema haya ili ijulikane kwamba waliopanda merikebu ile walikuwa watu waliofundishwa kazi ngumu wakaijua.

Mapema mwezi wa Februari 1944 waliondoka Kilindini. Msafara wao ulipewa alama ya KR 8, na merikebu za kuchukua askari zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma, na Ellenga. Zilikuwa zikienda Colombo. Ulinzi wao ulikuwa manowari kubwa moja ya siku nyingi, Hawkins, na mwishoni mwa safari manowari mbili ndogo ziendazo mbio, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Katika hao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301, yaani askari wetu na maofisa wao wa Kizungu. Walikuwamo pia mabaharia wa jeshi la Uingereza, wahudumu wa merikebu, na wanawake zaidi ya themanini, ambao wengi wao walikuwa wauguzi waliokuwa wakienda kutunza majeruhi.

Alikuwamo pia mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, ambaye watu wa Kenya wana sababu ya kumkumbuka. Kabla ya vita alipanda milima ya Aberdare akimtafuta simba mwenye madoa aliyesemwa kuwa huko, akaandika kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1937. Mwaka huo huo aliwapeleka duma kutoka Kenya kushindana mbio na mbwa huko Romford, Uingereza. Naona wasomaji wengine wanacheka, nami nilicheka niliposoma. Lakini mtu huyo mwenye vituko alikufa pamoja na watu wetu, katika maji yale yale, akiwa na umri wa miaka 35.

Safari ilikwenda juma zima bila shari. Askari wengi walikuwa watu wa bara, na hapana shaka kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulala juu ya maji. Siku ya Jumamosi, tarehe 12, msafara ulikuwa umefika kusini ya visiwa vya Maldive, mahali paitwapo Mlango wa Digrii Moja na Nusu, kwa kuwa ndicho kipimo chake kutoka mstari wa ikweta. Palikuwa pamebaki siku chache tu kufika Colombo. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali, bahari imetulia. Watu wengi walikuwa chini, wengine wakipumzika, wengine wakitazama tumbuizo lililoandaliwa ukumbini.

Nyambizi ya Wajapani, I-27, ilikuwa ikingoja. Kamanda wake alikuwa Fukumura Toshiaki, naye alikuwa amekwisha kuzamisha merikebu nyingi mwaka 1943, hasa katika Ghuba ya Oman, njia ambayo majahazi ya pwani yetu yamepita karne nyingi. Mnamo saa nane na nusu za mchana alipenya kati ya msafara akaachilia topido. Kwa asiyejua, topido ni kombora refu liendalo chini ya maji kwa mitambo yake lenyewe mpaka ligonge ubavu wa chombo. Mbili zilimpata Khedive Ismail.

Moto na moshi vikafunika shetri. Merikebu ikainama, kukawa na mlipuko mwingine mkubwa ndani yake, ikavunjika vipande viwili ikazama. Tangu topido ya kwanza mpaka bahari kufunika kila kitu hazikutimia dakika tatu.

Nawaomba mpime muda huo. Anayekaa ghorofa ya nne katika nyumba hizi mpya za Ngara, ambazo siku hizi zaota kama uyoga, na ajaribu kushuka mpaka barabarani kwa dakika mbili, taa zikiwa zimezimika, ngazi zimelala upande, na watu mia tano wako mbele yake. Hapo ndipo zile kumbi na ngazi za stima ya starehe zilipowaua watu. Zilijengwa kwa abiria wachache waliotembea polepole kwenda kula. Mahali pa mitambo na bwela ndipo palipo wazi kuliko pote ndani ya stima, na maji yakishapata njia hapo hapana kuta za kuyazuia upesi. Chombo kikisha kulala ubavu, mashua za upande mmoja huning'inia juu ya sitaha zisiweze kushuka, na za upande wa pili humezwa na maji. Waliookoka walikuwa karibu wote wale waliokuwa juu, au waliokuwa karibu na mlango, au waliotupwa nje na mlipuko. Haikuwa habari ya ushujaa wala ya woga. Ilikuwa habari ya mahali mtu alipoketi baada ya chakula.

Merikebu nne zilizobaki ziliamriwa kutawanyika na kukimbia, wala hazikusimama kuokota mtu. Amri hiyo ilikuwa ya kawaida, kwa kuwa merikebu iliyosimama ni shabaha rahisi, nazo zilikuwa zimejaa maelfu ya watu wengine. Paladin ilishusha mashua zake kuokota waliokuwa wakielea. Petard ikaanza kumsaka adui.

Sasa nafika mahali ambapo nimeandika na kufuta mara kadhaa. I-27 ilikuwa imejificha chini ya mahali pale pale ambapo watu walikuwa wakiogelea. Silaha ya kupigia nyambizi ni mapipa ya baruti yatupwayo majini, ambayo huzama mpaka kina kilichopimwa kisha hulipuka. Mlipuko huo hupasua chuma, na mtu aliye majini karibu yake humpasua ndani ya mwili. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akiiacha nyambizi ili awaokote watu, yaweza kuipiga Paladin iliyosimama, kisha ikazifuata merikebu nne zilizojaa askari. Akiipiga, atawaua watu waliokwisha kuokoka katika ajali, ambao wamemwona anakuja nao wanadhani anakuja kuwachukua.

Aliipiga. Petard ilipita na kutupa mapipa yake, tena ikarudia na kurudia, na watu waliokuwa majini waliuawa kwayo.

Hatimaye nyambizi iliibuka juu ya maji ikiwa imeharibika. Paladin ikaikimbilia ili kuigonga, ikaambiwa iache, lakini ilikuwa imekwisha kuikaribia mno, na ukingo wa nyambizi ukaichana tumbo. Mizinga ya manowari haikuweza kuipasua. Petard ikaachilia topido moja baada ya nyingine, zikakosa, mpaka ya saba ikaipata, na I-27 ikazama na Fukumura wake. Paladin iliyojeruhiwa ikasaidiwa kufika Addu, kisiwa cha kusini kabisa cha Maldive, na walionusurika wakapelekwa huko.

Waliohesabiwa kuwa hai ni 214 tu: wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297. Katika merikebu zote za Uingereza na wenzake zilizozama katika vita vile, ni chache sana zilizoua watu wengi zaidi kwa mara moja. Wanawake 77 walikufa, na hakuna siku nyingine katika vita vile ambayo majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalipoteza wanawake wengi kiasi hicho. Kwa sababu hiyo Waingereza walioandika juu ya Khedive Ismail wameandika sana juu ya wauguzi, nami siwalaumu, maana kila mtu huwalilia wake kwanza. Lakini katika merikebu ile, theluthi mbili ya watu walikuwa wa rejimenti moja ya Afrika ya Mashariki, na juu ya hao maandishi ni machache.

Watu huuliza kama Egan alifanya haki. Mimi ni karani, kazi yangu ni mafaili, wala sijapata kuamuru hata mashua. Nionavyo, mtu asiyekuwa juu ya Petard siku ile na aseme taratibu. Mawazo yangu huenda zaidi kwa mambo yaliyoamuliwa kabla, pasipo haraka wala moshi, na watu walioketi mezani. Rejimenti nzima ilitiwa katika merikebu moja. Yawezekana walikuwa na sababu zao: meli zilikuwa chache, manowari za ulinzi zilihitajika Atlantiki na Bahari ya Kati, ambako mwezi uliotangulia majeshi yalikuwa yameshushwa Anzio, nchi ya Italia, na kikosi kinachosafiri pamoja hufika pamoja na kuwa tayari kwa kazi. Hayo nayaelewa. Lakini kikosi kinachosafiri pamoja huzama pamoja pia, na kwa dakika mbili hivi mafundisho ya miaka yalikwisha, na mtu na rafiki yake wa kambini, na aliyemfundisha kazi, wote wakaenda kwa safari moja. Hakubaki wa kutosha kueleza nyumbani ni nani alionekana wapi mara ya mwisho.

Tena ilikuwa wakati wa vita, na habari za merikebu zilizozama hazikutangazwa ovyo, adui asije akazitumia. Kwa mzazi aliye mbali na simu na gazeti, mtoto alikwenda Mombasa, akaandika barua labda moja, kisha pakawa kimya. Mtu aliyekufa nchi kavu huwa na mwenziwe wa kusema, "Nilimzika mahali fulani, chini ya mti fulani." Wa baharini hana. Katika desturi za makabila yetu mengi jambo hilo si dogo: bila kaburi hakuna pa kumwaga maji, wala hakuna siku ya kumaliza matanga.

Msomaji wangu aliuliza waliozama wana nini, basi nimlinganishie na wengine. Tarehe 21 Februari 1917 stima nyingine ya abiria, Mendi, ambayo zamani ilifanya safari za Afrika ya Magharibi, ilikuwa imewachukua wafanyakazi wa Kiafrika kutoka Afrika ya Kusini kwenda Ufaransa. Karibu na kisiwa cha Wight, katika ukungu, iligongwa na stima nyingine iitwayo Darro ikazama, na Waafrika zaidi ya mia sita wakafa. Kwa miaka mingi serikali ya huko haikutaka sana kuwataja. Lakini watu wenyewe hawakuacha kusimuliana, baba kwa mwana, mpaka leo hakuna mtoto wa shule asiyeweza kulisikia jina la Mendi. Nishani ya ushujaa ya Afrika ya Kusini yaitwa kwa jina la merikebu hiyo, na tangu mwaka 2012 tarehe 21 Februari imefanywa kuwa siku ya majeshi yao. Waliokufa katika Khedive Ismail walikuwa maradufu ya waliokufa katika Mendi. Siku zao zakaribiana sana, 12 na 21 za mwezi mmoja. Nimewauliza watu wengi hapa Nairobi, wenye elimu kunizidi, kuhusu tarehe 12 Februari, nao wameniuliza kama ni siku ya kuzaliwa kwangu.

Wala sisemi kwamba mtaa upewe jina. Kariokor haikupewa jina na baraza lolote lililoketi kuwaheshimu wachukuzi. Watu walikaa pale, wakapaita hivyo, likashika. Burma ni hivyo hivyo, jina lililetwa na watu waliorudi. Waliozama hawakurudi kuleta jina lolote. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo maana jambo lao lataka mtu alifanye kwa kusudi, ama sivyo halitafanyika.

Sasa nieleze njia kama nilivyoahidi. Ukitoka Ngara, shuka mjini, kisha panda gari la njia ya Ngong. Kabla ya kufika uwanja wa mbio za farasi, upande wa msitu, yapo Makaburi ya Vita ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1941, yenye makaburi karibu elfu mbili ya askari wa vita vya pili. Ndani yake umesimama Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, uliowekwa kwa ajili ya wale wasio na kaburi lijulikanalo: waliopotea katika vita vya Ethiopia na Somalia, na Madagascar, na hawa wa Khedive Ismail. Mahali pametunzwa vizuri, majani yamekatwa, na kwa kawaida ni pa kimya, ila ndege na magari ya barabarani.

Aliye na babu au mjomba aliyepotea mwaka 1944 aweza pia kutafuta jina katika daftari za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo siku hizi zasomeka kwa intaneti bila malipo. Na atafute kwa kikosi, yaani Mizinga ya Afrika ya Mashariki, na kwa tarehe, 12 Februari 1944, kuliko kwa jina peke yake. Makarani wa jeshi waliandika majina ya watu wetu kama walivyoyasikia, herufi moja huku na nyingine kule, jina la baba likawa la mwana, na pengine la kijiji likawa la mtu. Akipata namba ya jeshi katika karatasi zozote za zamani nyumbani, katika cheti, au bahasha, au nyuma ya picha, hiyo ndiyo bora kuliko yote, na asiitupe.